Wauguzi wa Watoto Wafundishwe, Wapewe na Madaraka

Kata ya Mhezi imo katika milima ya Upare Kusini, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakajiuliza sisi tuna shughuli gani huko juu milimani, mahali ambapo wengi wao hawajapata kufika. Shughuli tunayo. Mtu anayeishi juu ya milima ile anaishi kisiwani. Upande mmoja imemzunguka nyika kavu ya Mkomazi, upande wa pili bonde la mto Pangani, na ili aifikie hospitali ya wilaya iliyoko Same mjini hana budi ateremke kwa barabara ya kona na makorongo, ambayo mvua za masika zikishika huweza kumzuia kama vile upepo wa kusi unavyowazuia watu wa visiwa vidogo wasivuke. Mkaazi wa Kojani au wa Tumbatu ambaye amepata kukaa ufukweni usiku, mtoto mgonjwa mapajani, akingojea bahari itulie, hatahitaji kuelezwa zaidi juu ya Mhezi.

Suala tunalotaka kulizungumza leo ni la mtoto huyo mgonjwa, na la mtu wa kwanza anayempokea.

Tuseme ni mtoto wa miezi minane aliyekesha na homa na kikohozi. Mama yake anamfunga mgongoni alfajiri, anaacha makande motoni chini ya uangalizi wa mtoto mkubwa, na kushika njia ya zahanati. Anayemkuta huko, mara nyingi zaidi kuliko daktari, na siku nyingine hata kuliko tabibu, ni muuguzi. Muuguzi huyo ndiye anayezalisha, anayechanja, anayepima uzito, anayefunga vidonda na kujaza daftari la dawa. Na siku tabibu akiitwa wilayani kwa semina, au akiwa likizo, au nafasi yake ikiwa haijajazwa, basi muuguzi ndiye tabibu. Mafunzo aliyopewa chuoni hayakumtayarisha sawasawa kuamua mtoto yule anaumwa nini na atumie dawa gani. Lakini kazi hiyo inamfika, naye hawezi kumwambia mama arudi nyumbani.

Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kasoro kubwa katika huduma ya watoto wetu, Bara na Visiwani. Tumemwachia muuguzi mzigo wa mganga bila kumpa elimu ya mzigo huo, wala haki ya kuubeba, wala malipo yake.

Tumtazame mtoto yule kwa makini zaidi, maana bila hivyo neno "mafunzo" litabaki kuwa neno la hotuba. Anayetaka kujua kama kikohozi kimekuwa homa ya mapafu anapaswa kumfunua mtoto kifua, amngoje atulie, kisha ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 ni pumzi 50, na kwa wa mwaka 1 hadi kukaribia miaka 5 ni pumzi 40. Atazame pia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu mtoto avutapo hewa. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea hata hashtuki, huyo si wa kupewa vidonge na kuambiwa arudi kesho. Apewe dozi ya kwanza ya dawa na apelekwe hospitali siku ile ile. Hakuna hata kimoja katika hayo kinachotaka mtambo wa thamani. Kinachotakiwa ni saa yenye mshale wa sekunde, mahali penye mwanga, na mtu aliyefundishwa mpaka jicho lake likazoea. Kuhesabu pumzi za mtoto anayelia, huku mama 30 wanangoja nje, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana katika karatasi, na anayeibeza hajapata kuifanya.

Madhara ya kutokuchunguza si ya kubuni. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania, yaani katika mikoa ya Kilimanjaro na Tanga. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali walipimwa damu upya kwa uangalifu, na ikaonekana kwamba chini ya nusu yao ndio waliokuwa na vijidudu vya malaria. Waliosalia walikuwa na maradhi mengine yaliyofichwa na jina la malaria, na wasio na vijidudu walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenye navyo. Hizo zilikuwa hospitali, zenye maabara na waganga. Milimani, ambako baridi hupunguza mbu na malaria ni haba kuliko kule tambarareni kwenye mashamba ya mpunga ya Ndungu na Maore, kosa la namna hiyo ni jepesi zaidi kutendeka: homa huitwa malaria, na mapafu yanaachwa yaoze.

Tangu hapo kipimo cha haraka cha malaria kimeenea mpaka zahanatini, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kipimo kile humwambia muuguzi jambo moja tu. Kikionyesha kwamba hakuna malaria, swali la mama linabaki palepale: sasa anaumwa nini? Wasomaji wetu wa Zanzibar wanalijua swali hili vizuri. Tangu dawa mseto ilipoanza kutumika Visiwani mwaka 2003, ikafuatiwa na vyandarua na upuliziaji wa majumba, malaria imeshuka mno Unguja na Pemba, ingawa mara nyingine huinua kichwa tena. Homa za watoto hazikukoma kwa sababu hiyo. Zimebaki za mafua, za mapafu, za masikio, za mkojo, za tumbo. Muuguzi wa miaka ya 1980 aliyempa klorokwini kila mtoto mwenye joto alikuwa akibahatisha, na mara nyingi akipatia. Muuguzi wa leo akibahatisha hupatia mara chache, na dawa za kuua vijidudu akizigawa ovyo zitapoteza nguvu mikononi mwake.

Tungependa hapa kuwakumbusha wahusika mambo mawili yaliyotokea katika ardhi yetu wenyewe, ambayo yamesomwa duniani kote kuliko yalivyosomwa hapa kwetu.

La kwanza ni la Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto zaidi ya 24,000 kisiwani humo waliingizwa katika jaribio la kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki ili kuondoa upungufu wa damu. Nia ilikuwa njema na hoja ilionekana wazi: damu pungufu, basi ongeza chuma. Mwaka 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kuugua hata kuhitaji hospitali. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi. Lakini katika kundi dogo la watoto waliochunguzwa kwa karibu, ambao malaria yao na upungufu wao wa damu viligunduliwa na kutibiwa, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Dawa ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba hawa walichunguzwa.

La pili ni la Muheza, ambako hospitali ya Teule ilishiriki pamoja na hospitali za Kenya na Uganda katika utafiti uliotolewa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa. Wengine wakapewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyoagiza, na wengine wakapewa polepole. Ilionekana kwamba kati ya waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa takriban 10 katika kila 100 ndani ya saa 48, na kati ya wale wengine walikufa 7. Mtoto wa Kiafrika mwenye homa kali na damu pungufu si mtoto wa kitabu cha ng'ambo. Anayemhudumia anahitaji elimu iliyotoka katika wodi zetu.

Mtu anaweza kusema kwamba mambo hayo ni ya madaktari bingwa. Sisi tunasema kwamba daktari bingwa hatamwona mtoto wa Mhezi ila baada ya muuguzi kuamua kwamba amwone.

Ni haki tuseme vilevile kwamba nchi yetu imepiga hatua ambayo wengi hawakuitarajia. Takwimu za taifa za mwaka 1999 zilionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2004 na 2005 ulitoa idadi ya 112, ule wa mwaka 2010 ukatoa 81, wa 2015 na 2016 ukatoa 67, na wa mwaka 2022 ukatoa 43. Chanjo, vyandarua, dawa mseto na wafanyakazi wa afya wasiosifiwa na mtu ndio waliofanya kazi hiyo. Lakini msomaji atazame ndani ya hesabu hiyo. Vifo vya watoto wachanga, wasiotimiza mwezi, vilikuwa 32 katika kila 1,000 mwaka 2004 na 2005. Mwaka 2022 vilikuwa 24. Yaani wakati vifo vya watoto kwa jumla vimepungua kwa zaidi ya nusu, vya wachanga vimepungua kwa robo tu, na sasa zaidi ya nusu ya watoto wanaokufa kabla ya miaka mitano wanakufa katika mwezi wao wa kwanza. Lengo ambalo mataifa yamejiwekea kwa mwaka 2030 ni 12.

Chandarua hakimsaidii mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Chanjo haimpi joto mtoto njiti aliyezaliwa usiku wa Julai katika baridi ya Upare. Kinachomsaidia ni mikono ya mtu aliyepo pale pale, katika dakika ile ile, anayejua kumkausha, kumsisimua, kumpulizia hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso, kumweka kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, na kumnywesha maziwa ya mama kwa kikombe ikiwa hawezi kunyonya. Faida rahisi tumekwisha kuzivuna. Zilizobaki zinataka ujuzi.

Je, ujuzi huo unafundishwaje? Tanzania si mgeni katika jambo hili, na wale wanaodhani kwamba tunaleta fikra ya kizungu wanasahau historia yao. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, serikali ilianzisha Tanzania Bara huduma ya mama na mtoto nchi nzima, na wasichana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kwa miezi 18 kuwa wasaidizi wa huduma hiyo. Wazee wetu wanawakumbuka, na mizani yao iliyoning'inizwa mtini, na kadi ya kliniki ambayo mama aliitunza kuliko cheti cha ndoa. Kada hiyo iliondolewa baadaye, na wengi wa waliokuwamo wakaendelezwa kuwa wauguzi. Kuinua kiwango cha elimu lilikuwa jambo jema. Lakini pamoja na kada ile uliondoka mtu ambaye kazi yake ilikuwa mtoto na mama yake peke yao.

Miaka ya 1990 ulikuja mpango wa kutibu maradhi ya watoto kwa pamoja, uliotungwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea. Mfanyakazi wa zahanati alifundishwa kwa siku 11 kumchunguza mtoto mzima, si kikohozi peke yake wala homa peke yake. Wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilizouanza zililinganishwa na Kilombero na Ulanga ambazo zilikuwa hazijauanza, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2004 ilisema kwamba vifo vya watoto katika wilaya mbili za kwanza vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Siku 11 tu! Tukipata hayo kwa siku 11, tungepata nini kwa mwaka mmoja au miwili?

Lakini tusijidanganye kwamba semina ndiyo dawa. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, imetufundisha jambo ambalo kila mwenye kugawa fedha za mafunzo angepaswa kulisoma. Wakunga wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Waliyafahamu vizuri, na katika mtihani walifaulu. Walipotazamwa katika chumba cha kuzalia, utendaji wao haukuwa umebadilika. Ndipo ukaanzishwa utaratibu wa mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, pale pale kazini, kwa kutumia mwanasesere. Na hapo vifo vya wachanga katika saa 24 za kwanza vikapungua. Tunawaomba radhi wenye kupenda semina za hotelini, zenye mikoba na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, lakini ushahidi ndio huo.

Sasa tuje kwenye pendekezo letu. Tunaomba kiundwe cheo cha muuguzi mwenye mamlaka ya kumtibu mtoto katika ngazi ya msingi, yaani katika zahanati na kituo cha afya. Aitwe muuguzi mtabibu wa watoto, au jina lolote ambalo wizara italiona linafaa. Jina si hoja. Hoja ni kwamba asiwe kijana aliyetoka shuleni jana. Awe muuguzi aliyesajiliwa ambaye amekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, ikiwezekana vijijini, kisha arudishwe chuoni kwa elimu ya ziada ya miaka isiyopungua mmoja.

Fikra hii ina wazazi wake. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, muuguzi wa afya ya jamii aitwaye Loretta Ford na daktari wa watoto aitwaye Henry Silver walianzisha mafunzo ya kwanza ya wauguzi wa namna hiyo. Bibi Ford alikuwa amefanya kazi katika vijiji vya jimbo hilo na kuona watoto wasio na daktari. Alidai kwamba muuguzi akiongezewa elimu anaweza kumchunguza mtoto, kufuatilia makuzi yake, kutibu maradhi ya kawaida na kutambua yale yaliyomzidi. Wapinzani walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wauguzi wenzake. Leo Marekani, nchi yenye madaktari wengi kuliko sisi mara nyingi, haiwezi kuendesha kliniki zake za watoto bila wauguzi hao, na mafunzo yao yamepanda hadi kiwango cha shahada ya pili. Tunalitaja jambo hili kwa sababu chanzo chake kilikuwa uhaba wa madaktari vijijini, na uhaba huo tunao.

Mafunzo yenyewe yaweje? Kwa maoni yetu, sehemu kubwa iwe kando ya kitanda na katika kliniki. Mwanafunzi ahesabu pumzi za watoto mamia, si za kumi. Ajifunze kutazama sikio, kupapasa utosi na wengu, kumpima mtoto mkono kwa utepe na kujua utapiamlo unaoonekana na ule uliojificha kwenye uvimbe. Ajifunze makuzi: mtoto wa miezi tisa asiyeketi, mtoto wa miaka miwili asiyesema, maana wengi wa hao huletwa wakati umekwisha kupita. Ajue dawa chache kwa undani kuliko nyingi kwa juu juu, na kipimo cha kila moja kwa uzito wa mtoto. Ajue chakula cha nyumba anazohudumia. Mama wa Upare mwenye ndizi, maharage na maziwa kidogo haelekezwi vilevile kama mama wa Micheweni mwenye muhogo na dagaa, na anayewapa wote wawili karatasi moja amejichosha bure. Na ajifunze kusema na watu. Hili tunalitia makusudi, kwa kuwa malalamiko tunayoyasikia zaidi kuhusu zahanati si ya ukosefu wa dawa, ni ya ulimi. Mama anayekaripiwa kwa kuchelewa safari hii atachelewa zaidi safari ijayo.

Mahali pa kufundishia tunapo. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko mkoa mmoja na Mhezi. Muhimbili ipo, Bugando ipo. Zanzibar kuna Mnazi Mmoja, na kile kilichokuwa Chuo cha Afya cha Mbweni sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Wala si mara ya kwanza kumpa muuguzi utaalamu wa fani moja. Mirembe, Dodoma, imefundisha wauguzi wa maradhi ya akili kwa miaka mingi bila mtu kuona ajabu. Vilevile waganga wasaidizi, ambao walikuwa matabibu kwanza kisha wakaongezewa miaka miwili ya masomo, ndio waliobeba upasuaji wa uzazi katika hospitali nyingi za wilaya kwa miongo kadhaa. Taifa lililomwamini tabibu kwa kisu halina sababu ya kumwogopa muuguzi kwa kalamu ya kuandikia dawa.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Madaktari watasema kwamba tunashusha kiwango. Hofu yao ina msingi pale ambapo muuguzi angewekwa mahali pa daktari aliyepo. Mahali tunapopazungumza sisi daktari hayupo, na kiwango kilichopo ndicho kinachohitaji kupandishwa. Wengine watasema kwamba muuguzi akisoma atakimbilia mjini au ng'ambo. Hilo ni kweli kwa wengi, na hatutaki kulifunika. Lakini wanaokimbia huikimbia nyumba inayovuja na mshahara usiobadilika baada ya miaka miwili ya masomo, huku mwenzake aliyebaki bila kusoma akiwa amepandishwa cheo mbele yake. Cheo kipya kisipoingizwa katika muundo wa utumishi tangu siku ya kwanza, na ngazi yake ya mshahara ikajulikana, basi ni afadhali mafunzo yasianzishwe kabisa. Tumekwisha kuona vyeti vingi vilivyobaki ukutani.

Pingamizi lililo zito zaidi, kwa maoni yetu, ni la sheria. Afya si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina wizara yake na baraza lake la wauguzi na wakunga chini ya Sheria ya mwaka 2010. Zanzibar nayo ina vyake. Mabaraza hayo mawili yasipokubaliana mapema juu ya mtaala na mipaka ya kazi, muuguzi atakayesomea Moshi ataambiwa Pemba kwamba cheti chake hakitambuliwi, na wa Mbweni atakutana na ukuta huo huo akienda Tanga. Tunawashauri wakubwa wa pande zote mbili wakutane kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa. Na mipaka hiyo iandikwe kwa lugha iliyo wazi: dawa zipi anaweza kuandika mwenyewe, mtoto yupi hana budi ampeleke mbele, na nani atamjibu simu usiku. Muuguzi aliye peke yake mlimani akipewa mamlaka bila mtu wa kumuuliza, hilo litakuwa kumtelekeza, pamoja na wale watoto.

Simu sasa zipo, na huo ni msaada ambao wasichana wa miaka ya 1970 hawakuwa nao. Mpango wa m-mama, wenye namba 115 isiyolipiwa, umekwisha kuonyesha kwamba gari, hata la mtu binafsi, linaweza kupatikana kumpeleka mja mzito, mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini. Ingefaa mtoto wa miezi minane asiachwe nje ya mpango huo kwa sababu tu amevuka mwezi wa kwanza. Katika visiwa vidogo, ambako gari halifai kitu, iwepo mashua ya injini yenye mafuta, na mafuta hayo yasiwe ya kuombwa kwa barua.

Gharama je? Majengo tumeyajenga. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, ambao ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, kuta nyingi zimesimama, nyingine kwa nguvu za wananchi wenyewe. Ukuta hauhesabu pumzi. Sehemu ndogo ya fedha zinazotengwa kwa majengo ikihamishiwa kwa watu watakaokaa ndani yake, kundi la kwanza linaweza kuanza bila kumsubiri mfadhili, naye mfadhili akija atakuta kazi imeanza. Lisiwe kundi kubwa. Wachaguliwe wauguzi wachache kutoka wilaya ngumu, Same ikiwamo, na wengine kutoka Micheweni na visiwa vidogo vya Unguja. Wasome pamoja, warudi walikotoka, na baada ya miaka mitatu hesabu ya watoto waliotibiwa, waliopelekwa mbele na waliokufa itolewe hadharani, iwe nzuri au mbaya. Tutaichapisha.

Bajeti zinakaribia kusomwa Dodoma na katika Baraza la Wawakilishi. Tunawataka wabunge na wawakilishi wa sehemu tulizozitaja waulize swali moja tu kwa mawaziri wa afya wa pande zote mbili: mwaka huu ni wauguzi wangapi wa zahanati watakaopelekwa kusomea watoto, na wakirudi watalipwa kwa ngazi gani? Kwa upande wa Halmashauri ya Same kuna jambo ambalo halihitaji kungoja jibu hilo, nalo ni nyumba ya muuguzi. Wananchi wa Upare hawahitaji kufundishwa msaragambo. Ndiyo desturi waliyochimbia ndiva na kutengenezea mifereji yao tangu enzi za mababu. Mawe wanayo na mchanga watabeba. Wapewe bati, saruji na fundi, na siku ya kuanzia itajwe kabla ya masika kufunga barabara.